Mifungo Tisa ya Bi Yupo

Marehemu alizaliwa Jumamosi, tarehe 9 Aprili 1955, katika chumba kilichokuwa nyuma ya karakana ya baba yake, fundi bati. Mama alikuwa mshonaji. Walijaliwa watoto wawili wa kike tu. Mdogo, ambaye ndiye anayewasomea karatasi hii, alifuata miaka sita baadaye, na kwa maelezo ya marehemu ndiye aliyeondoa utulivu nyumbani.

Alianza shule ya msingi mwaka 1962 na kumaliza sekondari mwaka 1973. Hesabu zilimpiga chenga, lakini alichokisikia mara moja hakikumtoka. Kusema uongo hakuweza kabisa. Kioo cha darasa kilipovunjwa na mwalimu akauliza ni nani, marehemu alisimama akajitaja, kisha akawataja na wenzake watano, kwa mpangilio. Walimnunia muhula mzima.

Kuanzia Januari 1975 hadi tarehe 30 Juni 2010 alikuwa opereta wa simu wa hospitali kuu. Huko ndiko alikopewa jina la Bi Yupo. Daktari mmoja wa upasuaji alimwagiza, "Akipiga yule jamaa, mwambie sipo." Jamaa akapiga. Marehemu akamjibu kwa adabu zote, "Yupo, ila amesema hayupo." Aliitwa ofisini, akaonywa, akarudi kwenye kiti chake akaendelea vilevile. Madaktari wakajifunza kupokea simu zao.

Tarehe 16 Februari 1980 aliolewa na fundi saa ambaye kibanda chake kilikuwa chini ya ghorofa walimoishi miaka yote ya ndoa yao. Mwaka 1983 walipata binti yao. Ilikuwa ndoa ya watu wawili wanaotaniana. Shemeji alizoea kusema kwamba saa zote za mji humtii yeye, isipokuwa ile iliyo kichwani mwa mkewe.

Hapa ni lazima tuieleze Karwa Chauth, mfungo wa wanawake wa Kihindu, kwa kuwa wapo kati yenu msioijua, na bila hiyo kifo hiki hakieleweki. Karwa ni kijungu cha udongo, na chauth ni siku ya nne baada ya mwezi mpevu. Mara moja kwa mwaka, katika siku hiyo, mwanamke aliyeolewa hufunga ili mumewe aishi maisha marefu. Alfajiri hula chakula alichopewa na mama mkwe, kisha hagusi hata tone la maji mpaka mwezi utoke. Alasiri wanawake huvaa nguo nyekundu, huketi duara na kusimuliana hadithi ya siku hiyo. Mwezi ukichomoza, mke huutazama kupitia chekeche, humwaga maji kwa heshima yake, kisha humtazama mumewe kupitia chekeche lile lile. Mume ndiye humpa funda la kwanza la maji. Mdogo wake aliwahi kuuliza wanaume hufunga lini kwa ajili ya wake zao, akafukuzwa chumbani. Mwaka wa kwanza wa ndoa, bwana harusi aliona haya kula mbele ya mkewe mwenye njaa, akajificha bafuni na mkate. Marehemu alimsikia akitafuna, akacheka mpaka koo likamkauka zaidi.

Msimuliaji wa hadithi katika ghorofa ile alikuwa yeye. Inahusu malkia mmoja aliyefunga kwa mara ya kwanza. Kaka zake saba walimwonea huruma, wakawasha moto nyuma ya mti na kumwambia, "Mwezi huo umetoka." Malkia akala, na mumewe akafa. Ili kumrudisha, ilimbidi afunge siku ya nne baada ya kila mwezi mpevu, mwaka mzima. Shemeji aliisikia hadithi hiyo kupitia ukuta kila mwaka.

Mwaka 2009 marehemu aligunduliwa kuwa na kisukari. Alianza kujichoma sindano za insulini, na kufikia mwaka 2021 macho yake yalibaki kuona mwanga na kivuli tu. Daktari alimkataza kufunga. Alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, na akafunga.

Yanayofuata yameandikwa kwa ombi la shemeji mwenyewe. Alisema, "Usipoyaandika, nitasimama niyaseme mimi, na sitaweza kumaliza."

Jumatano, tarehe 1 Novemba 2023, saa moja jioni, marehemu alikuwa ameketi barazani, mikono ikimtetemeka na midomo imepasuka. Mwezi ulikuwa bado. Shemeji alishuka kibandani, akachukua taa ya meza yake ya kazi, akaiinua nyuma ya chekeche. "Mke wangu, umetoka," alisema. Marehemu aliona duara la mwanga, akainama, akanywa maji mkononi mwa mumewe. Alikuwa mezani anakula pale jirani wa mlango wa pili alipobisha hodi. "Dada, njoo upesi! Mwezi ndio kwanza unachomoza!"

Marehemu aliweka kijiko chini.

"Ile ilikuwa nini?"

"Taa yangu," shemeji alisema. "Ulikuwa unatetemeka. Ningefanyaje?"

Hakumfokea. Alisema tu, "Sasa nitakulindaje?"

Asubuhi yake alimpigia simu mdogo wake. Alimwambia kwamba atafunga kila mwezi kama malkia yule, mpaka Karwa Chauth nyingine. "Usimwambie shemeji yako. Akijua atanizuia, na akinizuia atakufa."

"Dada, hiyo ni hadithi tu."

"Miaka arobaini na tatu nimefunga na yuko hai. Hiyo nayo ni hadithi?"

Mdogo wake alikubali kuwa macho yake, kwa kuwa neno la mume kuhusu mwezi halikuaminika tena. Kila mwezi, siku hiyo ya nne, alipanda juu ya paa la nyumba yake, upande wa pili wa mji, akangoja, kisha akapiga simu: "Umetoka, dada. Kunywa." Shemeji akimuuliza mkewe kama amekula, alijibiwa, "Nitakula." Na kweli alikula, mwezi ukishatoka. Uongo haukuwamo. Miezi minane ilipita hivyo, na mdogo wake akaanza kujidanganya kwamba itaisha salama.

Mfungo wa tisa uliangukia Jumatano, tarehe 24 Julai 2024. Asubuhi marehemu alijichoma sindano kama kawaida, maana alikuwa amemwahidi binti yake kwamba hataiacha hata siku moja. Juu ya sindano hiyo hakuweka chakula. Jioni mawingu yalifunga. Saa tatu usiku alipiga simu mwenyewe.

"Umetoka?"

"Bado, dada."

"Hunidanganyi?"

"Sikudanganyi."

"Ahsante, mdogo wangu." Ulimi wake ulikuwa mzito. Mdogo wake alidhani ni uchovu.

Mwezi ulichungulia saa tatu na dakika arobaini. Simu iliita, ikaita, ikapokelewa na shemeji, ambaye alikuwa amepanda ngazi kutoka kibandani akishangaa kwa nini haipokelewi. Alimkuta mkewe kitini, gilasi ya maji imejaa kando yake.

Alifikishwa katika hospitali ile ile aliyoitumikia miaka thelathini na mitano. Sukari ilikuwa imeshuka muda mrefu mno, na hakuamka tena. Ukumbini, mdogo wake alimweleza shemeji kila kitu. Shemeji alisema, "Ungemwambia tu kwamba umetoka."

"Wewe ulimwambia."

Kisha shemeji akauliza, "Alinikasirikia?"

"Hapana, shemeji. Aliogopa utakufa."

Bi Yupo alifariki dunia Ijumaa, tarehe 26 Julai 2024, saa tano na dakika kumi asubuhi, akiwa na umri wa miaka 69. Leo Jumapili tunaukabidhi mwili wake kwa moto, amevalishwa nyekundu kama bibi harusi, kwa sababu amemtangulia mumewe, ambaye yu hai. Wapo waliosema tangu asubuhi kwamba hiyo ni bahati kubwa kwa mwanamke. Mdogo wake amewasikia, na kwa heshima ya siku hii hatawajibu.

Marehemu ameacha mdogo wake, binti mmoja, mkwe mmoja na wajukuu wawili. Ameacha pia mume, mwenye umri wa miaka 72. Alipozimia ukumbini siku ile ya Ijumaa, madaktari walimpima moyo, presha, sukari na figo. Hawakumkuta na ugonjwa wowote. Walimwambia ana miaka mingi mbele yake.

Dada yetu apumzike kwa amani, na asisikie kiu tena.