Uji wa Platinamu

Shikamooni wazee. Wenzangu, leo msinipigie makofi kwa ushuhuda huu. Nina hasira, na mkosaji wa kwanza ni mimi.

Mnayajua masega ya ekzosi, yale ya ndani ya bomba la moshi la gari. Yana vitundu kama ya nyuki, ni ya jiwe la kauri lililopakwa platinamu ili moshi wa sumu ukipita upungue ukali. Shemeji yangu aling'oa ya gari lake bovu, Noah, akaniletea.

"Wewe ndiye msomi, shemeji. Itoe hiyo mali."

Kichwa kikanivimba. Nilikumbuka kemia ya sekondari: platinamu haishiki kutu, asidi ya kawaida haiiwezi. Nikaona nikiyachemsha kwenye asidi ya betri, jiwe litaliwa, platinamu itabaki chini inang'aa. Ujinga! Jiwe lile haliliwi hivyo, na platinamu yenyewe ni utando usioonekana kwa macho.

Nikabandika sufuria. Mwanangu wa miaka minne akasimama mlangoni.

"Mama, unapika nini?"

"Uji."

Nilisema hivyo asije akatangaza kwa majirani. Nikatoka kufuata kuni. Nikasikia mfuniko unaanguka, halafu ukelele ambao hata sasa nikisimama hapa nausikia. Asidi ilikuwa imemrukia mwanangu machoni.

Jirani yangu, mama mfugaji, alimnyakua mtoto akammwagia usoni maji aliyowachotea ndama, ndoo baada ya ndoo. Watu wanapiga kelele, maziwa! mafuta! Yeye anafoka, "Maji! Leteni maji!" Mimi je? Ndugu zangu, nawaambia bila kuficha: nilikuwa naficha sufuria.

Hospitali nikadanganya tena. Nikasema ni utomvu wa mnyaa, ule mti wa uzio unaochoma macho. Daktari akauliza mara ya pili. Mtoto akajibu chini ya bandeji:

"Siyo mti. Ni uji wa mama."

Hapo nikaanguka chini, nikasema yote.

Jicho la kulia lilipona. La kushoto limekwenda. Msiniambie nimeshinda; nimeacha kudanganya, basi.

Jirani, asante, ingawa tukikutana kisimani siwezi kukutazama. Daktari, asante kwa kuuliza tena. Ninyi mlionipalilia mahindi nikiwa wodini, asanteni. Shemeji, hasira yangu kwako bado ipo, naiombea iishe.

Platinamu ina viwanda vyake na wataalamu wake. Sufuria siyo kiwanda. Na mtoto akikuuliza, mwambie: "Sumu, kaa mbali." Mimi maneno hayo yalinishinda.

Hadi leo mwanangu haingii jikoni kabla hajauliza. Anageuza kichwa chote, anitafute kwa lile jicho moja.

"Mama, unapika nini?"

Namfunulia sufuria aone mwenyewe.