Chaki ya Bwana Afya

Benchi langu la kahawa lilikuwa Nakivubo, mkabala na ghala la nguo lililoachwa na mwenyewe mwaka ule matajiri wa Kihindi walipofukuzwa nchini. Mimi sikusoma, lakini sauti za watu ninazo zote. Wazee wa msikiti walipopewa ghala lile, Mwanawetu, mama mmoja wa msikitini, alitandika mikeka, akawalaza humo wanawake kumi na mmoja wasio na pa kulala. Basi Jumanne moja akaja Bwana Afya wa jiji. Akapima madirisha, akachungulia choo, akahesabu mikeka, kisha akaenda ukuta wa nyuma akachora kwa chaki kitu kirefu chenye pembe nne. Akasema atarudi Ijumaa. Mwanawetu aliitikia ndiyo bwana, ndiyo bwana, na kwa woga hakusikia neno jingine. Miaka ile ukuta wako ukichorwa alama, humwulizi mwenye chaki maana yake.

Mwanawetu alipofika kwangu, alikuwa ameshaanza kufunga mafurushi ya wale wanawake.

— Kesho wanaondoka, Bibi. Heri watoke kwa miguu yao.

Jafar, tuliyemwita Redio kwa kuwa hakuna habari aliyokubali impite, akapokea kikombe akasema yeye ameshaelewa. Benki inataka kuweka kasiki la fedha pale. Tarcisio mwashi, ambaye pale kijiweni jina lake Timazi, akamwambia kasiki haliwekwi karibu na choo; kwa macho ya fundi, kile ni kipimo cha kabati la bunduki. Redio akaona amepitwa. Akasema basi ni picha ya mkubwa wa nchi, wima, kimo chake mwenyewe, na wanawake wataipigia saluti kila asubuhi kabla ya kuoga.

— Karibu na choo? nikamwuliza.

— Punguza sauti, Bibi.

Tulicheka huku tunatazama barabarani. Mwanawetu hakucheka.

— Rukiah ana mimba ya miezi minane, akasema. Nimwambie akalale wapi?

Timazi akamsogezea kikombe chake.

Ndipo akatokea mwanamke amejitwika godoro, mkono mmoja umefungwa bandeji. Jina lake Nasike, Mkenya, mpishi wa tajiri mmoja aliyeondoka. Chumba alichohamia Port Bell kilikuwa kimeungua, akaambiwa amtafute Mwanawetu. Mwanawetu akamweleza ukweli, kwamba nyumba inafungwa. Nasike akatua godoro, akaomba aione tu. Akaingia, akakaa kidogo, akatoka kwa mlango ule ule.

— Samahani wazee. Mlango huu ukishika moto, wale walio ndani wanatokea wapi?

Madirisha yote yalikuwa na nondo. Mwanawetu mwenyewe alizitia, akiogopa wale wenye magari yasiyo na namba, waliokuwa wakichukua watu usiku.

— Kwetu kibatari kilianguka mlangoni, akasema Nasike. Tulitoboa ukuta kwa mchi.

Timazi akainuka taratibu, akazunguka nyuma ya ghala, sisi tukamfuata, mimi na birika mkononi. Akasimama ndani ya mchoro ule, mgongo ukutani, kama anayepimwa kanzu. Chaki ilimpita kichwa kwa shubiri moja, na kila bega likabaki na nafasi ya ngumi.

— Banange, jamani, akasema. Nimechorewa mlango. Mimi, mwashi, nikauita kabati.

Redio akadai yeye mlango aliuona tangu mwanzo, ila hakutaka kutukatiza. Timazi akamtuma akalete nyundo na tindo nyumbani kwake. Mwanawetu bado alikuwa anaugusa ukuta.

— Na wakija wale wa magari?

— Nitakutilia komeo la mti, kwa ndani, akasema Timazi. Bila ufunguo. Wa nje hafungui, na wa ndani hata gizani anafungua. Ijumaa Bwana Afya atapita hapa hapa.

Mwanawetu akaingia ndani, akaanza kufungua mafurushi, la Rukiah kwanza. Kahawa ilikwisha kabla ya tofali la kwanza kutoka, na hakuna aliyeondoka. Nasike akaburuta godoro lake, akalitandika ndani, pale vumbi la tindo lilipokuwa linaanguka.

— Hapo hapana, mwanangu, Mwanawetu akamwambia. Hapo ni njia. Sogea huku kwangu.