Rodah Taplelei Anauacha Mto Chebosit

Baada ya miaka thelathini na moja katika ofisi yetu ya maji, Bi. Rodah Taplelei anastaafu tarehe thelathini mwezi huu wa Juni. Tuliofanya kazi naye tulitamani siku hii ije na habari njema kuhusu Mto Chebosit. Haikuwa hivyo. Vipimo vya mwisho alivyochukua kwa mkono wake vinaonyesha kwamba kiangazi kilichopita chumvi ilipanda tena.

Rodah aliajiriwa kuchukua sampuli za maji, akiwa msichana wa Kaplong aliyejua kuvuka mto juu ya mawe bila kulowesha sketi. Alishuka na chupa zake kutoka mashamba ya majani chai hadi Silibwet, mvua ikimnyeshea karibu kila alasiri. Watoto walimbatiza Mama Chumvi. Jina lilienea hata mama mmoja sokoni akamsimamisha na kuitisha pakiti mbili, akidhani ni mchuuzi. Rodah alisimulia kisa hicho kila sherehe ya Krismasi, na kila mara alianza kucheka kabla hajafika mwisho.

Mto wenyewe haukuwa wa kuchekesha. Juu ya Silibwet kuna mabanda ambako ngozi za ng'ombe hutiwa chumvi zisioze. Zikioshwa, maji yake huteremka mtoni. Chumvi iliongezeka polepole hadi sukumawiki za kando ya mto zikaanza kuungua kingo za majani, na wagonjwa wa presha wakakatazwa na daktari kunywa maji hayo. Rodah aliisumbua ofisi mpaka serikali ikakubali kufanya jambo.

Serikali ilileta mpango wa mabwawa: maji ya chumvi yaelekezwe humo, jua liyakaushe, chumvi ibaki chini izolewe. Rodah aliuamini mpango huo kwa moyo wote. Alipotumwa kutafuta ardhi, alienda kwa Mzee Kimeli, mkulima aliyefiwa na mkewe, ambaye shamba lake lilipakana na mabanda. Kipande kilichohitajika kilikuwa na michai aliyoipanda pamoja na marehemu. Mzee akasema, "Kama ni ya kusaidia watu wa huko chini, chukueni. Lakini mama, mimi nimeamini wewe. Hiyo serikali siijui."

Mabwawa yakachimbwa. Jua la kuyakausha halikupatikana; mvua yetu wenyewe mnaijua. Aprili ya mwaka wa pili ukingo mmoja ulibomoka, na maji ya chumvi yakafunika shamba alilobaki nalo mzee. Michai iligeuka kahawia kana kwamba moto umepita. Ng'ombe wake wawili walikufa, na kisima chake kikaharibika kwa chumvi.

Wakubwa walituagiza tusikanyage huko, kwa kuwa kesi ingeweza kufuata. Rodah alivaa gambuti zake akaenda, nami nikaandamana naye. Alisimama uani akasalimia, "Chamgei, baba." Mzee aligeuza uso.

"Ni mimi nilikuja kuomba hii shamba," Rodah akasema. "Leo sijatumwa na mtu. Nimekuja kusema nilikosea. Pole, baba."

Mzee aliitazama michai yake. "Hiyo pole nitaipanda wapi?" aliuliza. Kisha akamgeukia binti yake mlangoni. "Fancy, letea mama chai."

Chai ilikuwa ya chumvi. Rodah alikunywa kikombe chote.

Wiki hiyohiyo aliwaambia wakubwa mkutanoni kwamba mabwawa yafungwe. Alikaripiwa, na cheo alichokuwa akikingoja kikaenda kwa mwingine, lakini mabwawa yalifungwa. Akageukia wenye mabanda, akiwabembeleza wakung'ute chumvi kavu kabla ya kuosha ngozi. Wengi walikubali, na serikali ikatoa lori la kuizoa. Kwa miaka minne mto ulipata nafuu, na watu wa Silibwet wakachota tena. Halafu lori likaharibika. Limeegeshwa nyuma ya ofisi hadi leo, na chumvi iliyokung'utwa imelundikana kule mabandani, mvua ikiiyeyusha.

Mzee Kimeli alifariki mwaka jana. Ardhi yake haijashika mchai hata mmoja. Kwenye mazishi Rodah alikaa nyuma kabisa. Fancy alitoka mbele ya watu wote, akamshika mkono, akampeleka kwenye viti vya familia. Hapo Rodah alilia. Wengi wetu hatukuwa tumewahi kumwona akilia.

Kuanzia Julai chupa zitabebwa na Owiti, ambaye Rodah mwenyewe amemfundisha. Anaachiwa mto mgonjwa na lori bovu, na sisi wengine tunaachiwa kazi ya kuisumbua serikali bila yeye kutusukuma.

Mama Rodah, asante. Ulipokosea ulienda mlangoni kwa uliyemkosea, na hukuacha kazi baada ya hapo. Sasa unarudi Kaplong kwa dada yako, ambako mnakinga maji ya mvua kwenye mabati. Tunakuombea afya, usingizi mzuri, na kila siku kikombe cha maji matamu, ukinywe bila kukipima.

Charity Mongina,
kwa niaba ya wafanyakazi wenzake