Kichaa wa Kuazima

Mnyororo ulilia ndani ya begi la Doris kila gari la Old Moshi lilipoingia shimoni, mpaka bibi wa kiti cha mbele akageuka.

"Mnyororo huo unampelekea ng'ombe gani, mwanangu?"

"Shikamoo, bibi. Ni wa kuigizia," alisema Doris. "Tunatengeneza tamthilia ya mzee Ebenezeri, yule mkulima wa kahawa wa enzi za mkoloni. Mimi ndiye kichaa anayefungwa nyuma ya nyumba."

"Mke wake?"

"Hapana, kibarua kutoka tambarare. Ukoo wake umetuazima nyumba kwa sharti kwamba kichaa asiwe mtu wao."

Bibi alicheka bila furaha. "Wazimu wao wamembebesha kibarua, kama walivyombebesha magunia ya kahawa. Ebenezeri ni baba yangu. Aliyefungwa pale ni mama yangu, na alifia pale pale. Mimi ndiye niliyekuwa nampelekea maziwa."

Abiria waliokuwa wakilalamikia bei ya mbolea walianza ghafla kuitazama migomba, kana kwamba hawajawahi kuiona.

Doris hakuwa na kazi nyingine. "Nikisema hivyo kwenye tamthilia watanifukuza, bibi. Na wajukuu wenu bado hawajaoa. Watu watasema ukoo wenu una wazimu."

"Waseme. Sisi tumenyamaza, tumepata nini? Hata kaburi la mama halina msalaba."

Gari lilisimama kanisani. Bibi alianza kushuka, mguu mmoja kwanza.

"Aliitwa nani, bibi?"

"Eliaichi."

Doris alimshika mkono. "Kesho kamera ikiwaka nitasema mimi ni Eliaichi, mke wa Ebenezeri. Wakinifukuza, wanifukuze nikiwa nimeshasema."