Gari Lisiloonekana Kiooni

Ndani ya tuktuk niliyopanda kwenda Mji wa Kale, Bi Gulshan alikuwa akimsimulia Odera, dereva wa lori aliyekutana naye humo humo, habari za gari lake la mbio, lililo chini kama mkeka.

"Nilikuwa nikiyabana malori kwa nyuma kule Shimanzi. Dereva mmoja akasimama, akanipandisha kwenye lori lake, akaniambia nitazame kioo cha pembeni. Gari langu lilikuwa pale nyuma, lakini sikuliona. Sasa nisipouona uso wa dereva kiooni, najua hanioni, nakaa mbali."

"Afadhali uliuze tu, mama," Odera akasema.

"Siliuzi."

Mimi nisiye na hata baiskeli nikatoa nauli. Tuktuk ikasimama.

"Yule dereva anaitwa nani?" Odera akauliza.

"Sikumwuliza. Ndiyo maana kila dereva wa lori nikikutana naye namshukuru. Ahsante, mwanangu."