Odiel Cappoen, Aliyeweka Ngumi Mfukoni Majira Saba ya Baridi

Marehemu Odiel Cappoen alizaliwa tarehe 4 Machi 1947 hapa Merkem, mtoto wa pekee wa Remi Cappoen, mkulima wa biti za sukari, na mkewe Elodie. Kama majirani wote, Remi alikuwa akiokota mabomu ya Vita vya Kwanza vya Dunia kila alipolima, akiyabeba kifuani na kuyalaza chini ya nguzo ya umeme ili wanajeshi wapite kuyachukua. Asubuhi ya tarehe 9 Novemba 1956 plau yake iligonga moja ambalo halikungoja kubebwa. Odiel, mwenye miaka tisa, alikuwa akimpelekea kahawa. Alimwona farasi wa plau kabla ya kumwona baba yake, na hakuwahi kusimulia zaidi ya hapo.

Alisoma shule ya kijiji hadi alipofika miaka kumi na minne. Waliosoma naye hawakumbuki alikuwa hodari wa somo gani. Wanachokumbuka ni mkono wake wa kulia. Cyriel Bulcke, aliyeketi naye dawati moja, mpaka leo huonyesha pengo lake la meno na kusema kwamba hicho ndicho cheti pekee Odiel alichotoka nacho shuleni.

Mwaka 1963 alianza kazi ya kulaza mabomba ya kutoa maji mashambani, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu. Tarehe 18 Aprili 1983 mashine ya kuchimba iligusa bomu karibu na Langemark. Rafiki yake Firmin Ghyselen alikatika vipande viwili na Odiel akapoteza usikivu wa sikio la kushoto. Jioni ya siku ya mazishi, mtu mmoja alisema kwenye baa kwamba Firmin alikuwa amelewa kazini. Odiel alimpiga hadi wanaume wanne wakashindwa kumbandua. Alifungwa, na alipotoka alirudi kwenye mashine ile ile.

Mkewe, Zulma Lootens, alikutana naye kwenye gulio la Lo, Agosti 1970, dakika chache baada ya Odiel kumvunja pua binamu wa Zulma. Zulma alikuja na ndoo ya maji machafu ya kuoshea bilauri, akammwagia yote kichwani, kisha akamwamuru ambebe majeruhi hadi kwao. Odiel alimbeba mgongoni njia nzima, damu ya binamu ikimtiririka shingoni, Zulma akitembea nyuma yao na ndoo tupu. Walipofika, Odiel aliuliza kama angeweza kurudi Jumapili. Zulma alimjibu kwamba ndiyo, lakini aoge. Walifunga ndoa tarehe 15 Mei 1971 na kujaliwa binti mmoja, Rozemie.

Hatuwezi kusimulia maisha ya Odiel na kuiruka harusi ya Rozemie, Juni 1999. Mjomba wa bwana harusi alisema bia imezimuliwa maji. Odiel alimng'oa meno matatu, akamwangusha juu ya meza ya keki. Kwa miaka mingi Rozemie hakukanyaga nyumbani kwao. Zulma alikuwa akikutana naye kwa siri sokoni Diksmuide, wakinywa kahawa wamesimama.

Kwa hiyo Odiel alipostaafu, mwaka 2012, na kutaka wanunue karavani, nyumba ndogo ya kukokotwa na gari, ili wapige kambi wakati wa baridi, watu wanapokuwa wamerudi makwao, Zulma alikubali kwa sharti. Alilisema mara moja tu, akiwa ameshika ufunguo wa gari: "Ngumi moja, mzee. Ya mtu yeyote, kwa sababu yoyote. Nakuacha hapohapo ulipo, na nyumbani usije."

Odiel alijua mkewe hatishii bure. Kila Januari walikokota karavani yao nyeupe kufuata mfereji wa Ieper, kisha mto Yser hadi Nieuwpoort, wakapita pwani mpaka De Panne na kurudi kwa mfereji wa Lo. Upepo wa Bahari ya Kaskazini uliwahi kuwabiringishia meza, mahema, na siku moja mbwa wa jirani. Watu waliwachukulia nafasi yao, wakamsukuma Odiel, wakamwita kiziwi. Alitia mikono mfukoni na kuondoka. Mwaka 2016, huko Oostduinkerke, aliupiga mlango wa choo cha kambi mpaka akavunjika vidole viwili. Zulma aliutazama mlango, akafikiri, akaamua kwamba mlango si mtu.

Safari ya mwisho walifuatana na wastaafu wenzao, Waholanzi kutoka Groningen, Berend Hoekzema na mkewe Aaltje, waliowakuta Nieuwpoort. Wanaume hao walitaniana njia nzima. Berend alidai Wabelgiji hukaanga viazi mara mbili kwa sababu mara ya kwanza husahau kuwasha jiko. Odiel alijibu kwamba Mholanzi akikualika chakula, nenda umeshiba. Jumamosi tarehe 12 Januari 2019 walipiga kambi kwenye malisho kando ya mfereji wa Ieper, karibu kabisa na nyumbani, na Berend akaapa kuwashibisha wote kwa supu ya njegere. Akachimba shimo, akawasha kuni, akatundika sufuria.

Odiel alimwambia azime, kwamba huku hakuna anayewasha moto juu ya udongo kwa sababu ya mabomu. Lakini wiki ileile Odiel alikuwa amemdanganya, naye akaamini, kwamba maaskofu wa Veurne huzikwa wamesimama, kwa hiyo Berend alidhani ni utani mwingine, akacheka tu. Odiel akamshika bega. Berend akautoa mkono.

"We mzee, kama huitaki supu yangu, sema."

Odiel alirudi kwenye karavani, mikono mfukoni, akamwambia Zulma wafungashe. Wakati huo Aaltje alifika kuazima bakuli. Akaeleza kwa furaha kwamba Berend, katika kuchimba, alikuta bomba nene la chuma, akaliacha palepale na kuwasha kuni juu yake, maana chuma hutunza joto.

Zulma aliweka bakuli chini. Odiel alisimama mlangoni akimtazama, na hakusogea.

"Nenda kampige," Zulma akasema.

"Zulma."

"Nimekwambia kampige. Kwa nguvu."

Zulma alimkamata Aaltje nywele, kwa kuwa ndizo zilizokuwa karibu, akamburuta nyuma ya tuta la mfereji. Odiel, mwenye miaka sabini na moja, alivuka malisho akikimbia na kumtwanga Berend taya kabla hajageuka. Berend, aliyekuwa fundi wa kuchomelea meli, alimpasua nyusi kwa upawa wa chuma. Ngumi ya pili ilimlaza. Odiel alimshika mkanda, akamkokota kuelekea mtaroni, mwenzake akimpiga mateke ya tumbo na kumtukania mama yake. Walikuwa ukingoni bomu lilipolipuka. Odiel alimwangukia Berend, na chuma chote kilichokuja upande huo kikaingia mgongoni mwake. Karavani ililala ubavu. Njegere zilikutwa juu ya mierebi.

Alilazwa hospitalini Bruges na kupasuliwa mara tatu. Alipozinduka, aliuliza hali ya Berend. Zulma alimwambia taya limevunjika mahali pawili.

"Pawili tu?" akasema. "Nimezeeka."

Alifariki Jumatano, tarehe 23 Januari, asubuhi, mkono wake wa kulia ukiwa mikononi mwa mkewe.

Ameacha mjane, Zulma, binti, Rozemie, aliyelala sakafuni kando ya kitanda chake mpaka mwisho, mkwe, Joost, na wajukuu wawili, Tibo na Fenne. Amemwacha pia Berend Hoekzema, ambaye meno yake yamefungwa kwa waya na hivyo hataweza kuimba nasi. Alitaka kukaa nyuma kabisa. Zulma amemkalisha safu ya mbele, kati yake na Rozemie.

Alale Odiel, na huko aliko asiwepo wa kumchokoza.