Barua Arobaini na Mbili, Gari Moja

— Wewe ukipewa barua arobaini na mbili, na gari moja lenye mafuta ya safari moja, unaanza na ipi?

Eufrasia alilitupa swali hilo kabla hajakaa. Kijiwe hiki cha kahawa, hapa Kharumwa, kinatazamana na ofisi ya madini anayopokelea barua za wachimbaji, na wenyeji wake hawajawahi kukosa jibu la jambo lolote. Bosi alitaka kuambiwa kabla ya saa sita gari la mkaguzi liende wapi. Eufrasia bado yuko kwenye majaribio. Akikosea, kazi hana. Bahasha alikuwa amezikumbatia, kila moja imebandikwa karatasi ya rangi.

— Nyekundu ndiyo nini? akauliza Felician, aitwaye Kamati kwa kuwa hakuna kamati ambayo hajaikalia.

— Haraka.

— Na njano?

— Haraka kiasi. Tulifundishwa kwenye semina.

— Nyekundu ziko ngapi?

— Thelathini na nane.

Sesilia, muuza kahawa, akajifanya anakohoa.

— Anza na bahasha nene, Kamati akashauri. Mtu hajazi kurasa sita kwa jambo dogo.

— Wapi! Mwenye shida hana muda wa kuandika, akadakia Festo, ambaye kwa mdomo wake wanamwita Karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Anza na nyembamba.

— Basi tuunde kamati. Nene zitoe mjumbe, nyembamba zitoe mjumbe.

— Zianike juani. Itakayojikunja kwanza ina moto ndani.

— Na mvua ikinyesha, Karasha?

— Itakayolowa kwanza ina machozi.

Eufrasia alikuwa bado anacheka Makoye alipofika, mabuti yamejaa udongo wa machimboni.

— Shikamoo, mzee Kamati.

— Marahaba. Leo hamchimbi?

— Duara letu limepata ufa. Nimewazuia vijana wasishuke shimoni, lakini wamesema watasubiri hadi saa nane tu. Akamgeukia Eufrasia. Dada, barua yetu tuliileta Jumatatu, tukiomba mkaguzi. Mlipoisoma mlionaje?

Eufrasia alimtazama Kamati. Kamati akainamia kikombe chake. Eufrasia akamtazama Karasha; mashine ilikuwa imezima.

Akazipekua bahasha mpaka akaipata ya Makoye. Ilikuwa ya njano. Akaanza kuichana pembeni.

— Sijaisoma, Makoye. Sijafungua hata moja. Tangu Jumatatu nabandika rangi kwa kuangalia mwandiko wa juu.